Mwaka wa kujitolea shuleni Tübingen unakaribia mwisho: niwaage vipi watoto, na niondoke na hati zipi?

Mwalimu wa Bao (swali)

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni Mtanzania kutoka Moshi, na tangu Septemba mwaka jana ninajitolea katika shule moja ya msingi hapa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Nilikuja kupitia mpango wa weltwärts, ambao huwapeleka vijana wa Kijerumani kwetu na, kwa upande wa pili, hutuleta sisi huku. Mkataba wangu unakwisha tarehe 31 Agosti. Asubuhi humsaidia mwalimu wa darasa la pili katika hesabu na kusoma; baada ya chakula cha mchana ninaendesha klabu ya Kiswahili ya watoto wa darasa la tatu na la nne.

Klabu hiyo ndiyo inayoniumiza kichwa. Tulianza kwa salamu na kuhesabu, lakini kilichowanasa watoto ni bao. Kwa kuwa hatukuwa na bao la kuchonga, tulikata trei mbili za mayai, tukaziunganisha kwa gundi hadi tukapata safu nne za mashimo manane, na maharage makavu yakawa kete. Tunacheza bao la kujifunza, lile ambalo kete zote 64 huwekwa mbilimbili mashimoni tangu mwanzo, na sasa wapo watoto wa miaka tisa wanaonifunga bila huruma, huku wakihesabu kwa Kiswahili kila kete wanayoiangusha. Hakuna mwalimu mwingine shuleni anayeujua mchezo huu, wala anayejua Kiswahili.

Likizo kubwa ya jimbo hili la Baden-Württemberg huanza mwishoni mwa Julai. Maana yake ni kwamba mwezi wangu wa mwisho nitakuwa ninapanga vitabu katika jengo lisilo na watoto, na kuaga kwa kweli hakuna budi kufanyike kabla ya hapo. Niwaambie lini, na niseme nini wakiniuliza kama nitarudi? Jambo la pili ni hati: zipi ambazo mtu hapaswi kupanda ndege bila kuwa nazo? La tatu, walimu wenzangu wananishawishi nibaki niombe mafunzo ya ulezi wa watoto, ilhali shirika lililonituma linanitarajia nyumbani, na mimi mwenyewe nina stashahada ya ualimu ambayo ningependa kuitumia. Ningefurahi kuwasikia waliopitia njia hii.

Mrejea Arusha

Hongera kwa kazi, mwalimu. Nilijitolea Ujerumani katika kituo cha watu wenye ulemavu kabla ya kurudi Arusha, ninakofundisha sasa. Nitaanza na hati, kwa sababu hizo ndizo zenye tarehe za mwisho.

Ikiwa mkataba wako, kama ilivyo mikataba mingi ya wanaotoka kwetu, uko chini ya utumishi wa kujitolea wa shirikisho, ule ulioanza mwaka 2011 Wajerumani waliposimamisha utumishi wa lazima wa jeshi, sheria yake inakupa haki ya hati mbili tofauti. Ya kwanza, Bescheinigung, inathibitisha tu kwamba ulitumikia. Ya pili, Zeugnis, ndiyo yenye uzito, kwa maana sheria inataka ieleze aina ya kazi na muda wake, namna ulivyoifanya, mwenendo wako, na ujuzi wa kikazi ulioupata. Ukimwachia karani aiandike peke yake, huenda ukapewa karatasi isemayo kwamba ulisaidia shughuli za kila siku za shule, maneno ambayo kwa mwajiri wa Arusha au Dodoma hayasemi lolote. Kwa hiyo andika rasimu wewe mwenyewe: kwamba ulipanga na kuendesha klabu ya alasiri kwa mwaka mzima wa shule, kwamba ulibuni na kutengeneza zana za kufundishia, kwamba uliwasaidia mmoja mmoja watoto waliokuwa nyuma katika kusoma. Mpelekee mwalimu mkuu mwezi Juni, maana likizo ikianza naye huondoka, na omba nakala ya Kiingereza kwenye karatasi yenye nembo ya shule. Omba na muhuri. Wajerumani watakuambia kwamba sahihi inatosha, lakini wewe unajua unakokwenda.

Halafu kuna kujiondoa katika daftari la wakazi wa mji. Unaruhusiwa kufanya hivyo kuanzia wiki moja kabla ya kuhama hadi wiki mbili baadaye. Nakushauri ufanye kabla, uondoke na uthibitisho mkononi, kwa kuwa huo ndio utakaoulizwa na benki, kampuni ya simu na kila mtu mwingine mwenye mkataba nawe. Na asikudanganye mtu kwamba utadai pensheni yako kutoka nyumbani: katika utumishi huu mchango wote hulipwa na upande wa kituo, na sheria hurudisha tu ile sehemu ambayo mtu amechangia mwenyewe.

Kuhusu watoto, ningesubiri hadi wiki ya mwisho. Ukiwaambia mapema utaendesha matanga ya mwezi mzima.

Mama Neema, Stuttgart

Mdogo wangu, kaka hapo juu ameeleza hati vizuri, ila katika suala la watoto simfuati hata kidogo. Mimi ni Mkenya, na binti yangu amesoma shule ya msingi hapa. Alipokuwa darasa la pili, kijana aliyekuwa akijitolea darasani kwao aliagwa na walimu kwa keki katika chumba chao, na watoto wakaja kupata habari baada ya likizo. Hadi baridi inaingia, binti yangu alikuwa bado ananiuliza ikiwa yule kaka alikasirishwa na darasa. Mtoto asiyepewa sababu hujitafutia sababu, na mara nyingi hujilaumu mwenyewe.

Ningewaambia mwanzoni mwa Julai, nawe usiseme peke yako: mwombe mwalimu wa darasa muwe pamoja, tarehe iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, na siku hiyohiyo wazazi wapelekewe barua fupi ili mtoto akifika nyumbani analia, mama yake ajue analilia nini. Kumbuka pia kwamba darasa la nne nao wanaondoka. Katika jimbo hili shule ya msingi huishia hapo, na Septemba watasambaa katika shule mbalimbali za sekondari. Wao wanajiaga wenyewe mwaka huu, kwa hiyo usiwape msiba wako juu ya wao; keti nao kama mmoja wa wanaohama.

Wakiuliza kama utarudi, jibu kwamba hujui, kama ndivyo ilivyo. Usiwaambie „mwakani" ili kufuta machozi, kwa sababu watoto wa huku huhesabu. Usigawe namba yako ya simu pia. WhatsApp yenyewe hairuhusu watoto walio chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti wenyewe, na mtu mzima wa shule kuwasiliana faraghani na watoto ni jambo linaloweza kumletea maswali mazito hata akiwa na nia njema. Picha ni vivyo hivyo: bila ridhaa ya wazazi, uso wa mtoto wa mtu usionekane kwenye ukurasa wako, hata kama huko kwetu tunaona ni ukumbusho tu.

Sasa, kwa klabu yenyewe una bahati ya tarehe. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, nayo ni Sabasaba ya Tanzania, siku TANU ilipoanzishwa mwaka 1954. (Sisi Wakenya Sabasaba yetu ina historia nyingine, ya mwaka 1990, lakini hilo tuliache.) Jimbo lenu ni miongoni mwa yanayofunga shule mwisho, hivyo siku hiyo watoto bado mnao. Waalike wazazi alasiri, na watoto ndio wawafundishe baba na mama zao kucheza. Wiki zinazotangulia, wale wa darasa la tatu waandike kanuni za bao kwa Kijerumani chao wenyewe, na michoro yao, wewe ukisahihisha tu penye kosa la mchezo. Hao ndio watakaobaki shuleni mwaka mmoja zaidi. Mtafute mwalimu mmoja akubali kuwa mlezi wa klabu, si lazima ajue Kiswahili. Kazi yake iwe kufungua mlango na kutunza maharage.

Mwanagenzi wa Freiburg

Nitajibu lile la kubaki, kwa kuwa mimi nilibaki. Baada ya mwaka wa kujitolea nilianza mafunzo ya uuguzi, na sijutii, lakini hali yangu na yako hazifanani. Mimi nilikuja na cheti cha kidato cha sita tu.

Kubadilisha sababu ya kibali cha ukaazi kutoka kujitolea kwenda mafunzo ya kazi kunawezekana, ila uwe na mkataba wa mafunzo na uombe kabla kibali cha sasa hakijaisha. Watakudai pia Kijerumani cha kutosha, kwa kawaida si chini ya B1, yaani kiwango cha kati, na vyeti vyako vya shule vipimwe, kazi ambayo katika jimbo hili hufanywa na ofisi ya serikali iliyoko Stuttgart na inayochukua muda wake. Kwa ulezi wa watoto kuna njia ya shule, ambayo kwa miaka ya masomo haina mshahara, na kuna ile ya kulipwa, inayochanganya masomo na kazi, iitwayo PiA. Ukiingia njia ya kwanza bila akiba, utaosha vyombo mikahawani usiku ili uweze kulipa chumba.

Tena wewe ni mwalimu tayari. Kubaki ni kurudi kwenye dawati kama mwanafunzi kwa miaka kadhaa ili uruhusiwe kufanya sehemu ya kazi uliyokwisha kuisomea. Wapo wanaofanya hivyo kwa furaha, nami siwabezi. Lakini ukiamua kubaki, liambie shirika lako sasa, kwa maandishi, kabla hawajakukatia tiketi. Nafasi ya atakayekuja baada yako inategemea kama wenyeji na watumaji bado wanaaminiana.

Jambo moja la nyongeza: Tübingen na Moshi ni miji yenye urafiki rasmi tangu mwaka 2014. Ukirudi, mpango wa darasa kuandikiana barua na darasa la Moshi, shule kwa shule, una mahali pa kushika, na hapo utakuwa na jambo la kuwaahidi watoto ambalo halitegemei tiketi yako.

Mwalimu wa Bao

Asanteni sana. Nimezungumza na mwalimu wa darasa, naye amekubali tuwaambie watoto Jumatatu ya kwanza ya Julai. Rasimu ya hati nimeianza. Ninarudi nyumbani, hilo la PiA nimelisoma, na lilinifanya nitambue kwamba walimu wenzangu walikuwa wakinishauri kwa upendo tu, bila kulijua. Limebaki swali dogo: mwenye nyumba amenishikia amana ya chumba, na anasema ataitoa baada ya kufunga hesabu za umeme na maji. Je, nifunge akaunti ya benki kabla ya kuondoka?

Mrejea Arusha

Usifunge. Hesabu hizo huweza kuchukua miezi, na kutuma fedha hadi benki ya Moshi kutakula sehemu yake. Iache akaunti wazi hadi amana iingie, hakikisha unaweza kuifungua kwa simu ukiwa Tanzania bila laini ya Kijerumani, kisha uifunge kwa barua. Na kama ada ya redio na televisheni, ile ya euro 18.36 kwa mwezi, imeandikwa kwa jina lako, ifute mara upatapo uthibitisho wa kujiondoa mjini, kwani isipofutwa itaendelea kudaiwa.

Kuhusu wakati: nimekubaliana na Mama Neema. Jumatatu ya kwanza ya Julai ni sawa.