Ng'ombe wa maziwa Friesian wa Kitulo ataweza kuishi Newala?

mtoto_wa_korosho: Wakuu habari za humu. Nilienda msibani Makete nikapita Kitulo, aisee wale Friesian wa kule ni balaa, viwele vimejaa, bonde zima kijani na baridi mpaka umande unaganda. Sasa nina hela kidogo ya korosho nataka nishushe mitamba miwili Newala. Najua mtasema joto, ila si na sisi tuko juu, jioni watu wanavaa masweta, au vipi?

daktari_wa_ng'ombe: Mkuu usifananishe, Kitulo ni zaidi ya mita 2,500 na Newala hata 1,000 haifiki. Hilo sweta la jioni ng'ombe halimsaidii saa nane mchana. Friesian joto likishapita nyuzi 25 anaanza kuhema, anapunguza kula, maziwa yanashuka na mimba inashika kwa tabu. Halafu kule baridi inazuia mbung'o na kupe wanakuwa wachache, kwa hiyo mtamba anafika huku mwili haujazoea ndigana ya kupe wala nagana ya mbung'o, unaweza kumzika kabla hajazaa.

Msukuma_Liwale: Mbung'o usiwachukulie poa. Sisi tulishuka kutoka Usangu 2006 na ng'ombe wa kienyeji kabisa na bado walikufa wengi, mpaka leo tunachoma Samorin, sindano ya kukinga nagana, kila baada ya miezi miwili mitatu

Somoe_Ndanda: Mbona hamsemi maji jamani!! Ng'ombe wa maziwa anakunywa lita 60 mpaka 100 kwa siku, na nyie huko juu kiangazi mnanunua kwa ndoo. Mi niko huku chini Ndanda chemchemi zipo na bado nafuga chotara tu.

mtoto_wa_korosho: Dada tuna kisima cha kuvunia mvua nyumbani ila Agosti kinakuwa kikavu. Haya, huyo chotara napataje?

daktari_wa_ng'ombe: Tafuta jike la Boran au zebu umpandishe kwa mrija (uhimilishaji, bila dume), mbegu ya Jersey, umbo dogo na joto analivumilia kuliko Friesian. Kwa majike ulizia kwanza shamba la serikali Nangaramo, Nanyumbu, ni karibu kuliko Makete. Mfungie bandani umkatie majani, na msimu wa kupuliza salfa usikate chini ya mikorosho.

Somoe_Ndanda: Na banda liwe na kivuli cha makuti, bati linaunguza. Ukishajenga nistue nikuuzie mapando ya majani ya tembo, ninayo mengi