Ukoo wa Bi Rehema: boti ya Salim

Salim: Asalaam aleikum nyote. Nimeiona boti. Alumini, futi 22, ina kibanda mbele na trela yake. Dola 6,500. Mashine ndiyo imekufa.

Shangazi Zuena: Waaleikum salaam mwanangu. Imekufa au yaumwa?

Salim: Imekufa Shangazi. Ni ya ndani, silinda nne, mkia wenye rafadha unatokea tezini, yaani nyuma ya boti. Mwenyewe alisahau maji ndani, baridi ikaja yakaganda, bloku ikapasuka.

Yahya: Huko barafu inaua mashine 😂 Huku Lamu ni mchanga na petroli ya kuchakachua.

Fatma: Na kibanda cha nini? Baba kavua umri wake wote juani.

Salim: Baba hakuvua kwenye maji ya nyuzi 10. Hapa Everett, Marekani, ukitumbukia, dakika chache tu vidole havishiki kamba. Bila kibanda Mama Nasra hapandi.

Mama Nasra: Hata na kibanda sijasema napanda.

Ami Athman: Ndio naamka, saa moja hii. Salim, hiyo mashine isahau. Niambie tezi. Bati zimeungwa kwa ribiti au zimechomelewa?

Salim: Ribiti, Ami.

Ami Athman: Basi ndani ya tezi huenda kuna ubao, katikati ya bati mbili. Nje pang'ae, ndani uji.

Salim: Mpango wangu niitoe ile ya ndani, tundu la mkia lizibwe, nyuma niwekewe breketi, nifunge mashine ya nje, ya nguvu farasi 115. Nimeulizia: mashine mpya na kufungwa 15,000, tundu na breketi 5,000.

Ami Athman: Mashine ya 115 ni kilo 170 hivi, nyepesi kuliko hiyo maiti. Lakini ukiining'iniza nje ya tezi inavuta zaidi kuliko ikiwa ndani. Uliza tezi itakaa wapi majini.

Fatma: 6,500 na 15,000 na 5,000 ni 26,500. Usukani, nyaya, tangi?

Salim: Usukani na nyaya zimo. Tangi ni lile lile.

Fatma: La zamani? Weka 1,000. Na ile mashine ndogo ya kuburuzia mshipi uliyoniambia juzi?

Salim: Hiyo baadaye.

Fatma: Salim.

Salim: 3,000.

Fatma: 30,500. Sasa nipe bei ya boti kama hiyo ambayo tayari ina mashine ya nje.

Salim: Kuna moja Anacortes. 28,000. Mashine imefanya kazi saa 400.

Yahya: 🤐

Salim: Lakini ile ni pesa ya mkupuo! Hii nafanya kidogo kidogo.

Shangazi Zuena: Marehemu babako alijenga jahazi kidogo kidogo. Likaoza omo kabla hajafika tezi.

Ami Athman: Kabla ya kugombana, nenda na nyundo ndogo. Gonga tezi yote pole pole, unirekodie.

*Jumamosi*

Salim: [Sauti, sekunde 52]

Ami Athman: Nimesikiliza mara mbili. Pembeni yalia vizuri. Ulipokaribia tundu ikawa kama unapiga godoro. Muombe mwenyewe uchomoe boliti moja hapo.

Salim: Karuhusu. Imetoka na maji rangi ya chai. Na ubao si wa zamani Ami, una ukijani. Anasema aliubadilisha mwenyewe miaka sita nyuma.

Ami Athman: Kijani? Huo ni ubao wa dawa, wa kujengea ua. Dawa yake ina shaba. Tazama bati lilipogusana nao.

Salim: Kuna unga mweupe. Nimekwangua, chini ni vishimo. Kimoja ncha ya bisibisi imezama.

Ami Athman: Shaba na alumini hazilali kitanda kimoja. Maji ya chumvi yakiingia kati, alumini ndiyo huliwa. Naletewa magoti ya mashine hapa, ile sehemu ya chini yenye gia: mtu kapaka rangi ya shaba, zinki za kuliwa badala ya alumini zimekwisha hana habari, anashangaa mafuta ya gia yanavuja. Hapo si ubao tena, ni bati lote la tezi.

Fatma: Kwa hiyo ile 5,000 si 5,000.

Salim: Mwenyewe ameshuka hadi 4,000.

Ami Athman: Hata akikupa bure. Trela nzima?

Salim: Nzima kabisa, matairi mapya.

Ami Athman: Muulize trela peke yake bei gani.

Mama Nasra: Trela tupu uani kwangu? Ami, usimtie maneno.

Salim: Nimempigia wa Anacortes. Kesho saa nne. Niende na nyundo?

Ami Athman: Nenda nayo. Na simu uichaji, leo sauti ilikatika katikati.