Mtawala akichezwa jukwaani, anavuliwa nguo au anavalishwa?

Wadau, ipo hoja inayorudiwa kila zinapotajwa tamthilia za siasa: kwamba ukimleta mtawala jukwaani na gwaride lake, kiti chake na hotuba zake, umemtukuza hata kama ulikusudia kumkejeli. Watu wanacheka, wanarudi nyumbani, mkubwa anabaki mkubwa. Mimi naipinga.

Chukueni onyesho moja katika Arturo Ui, tamthilia ambayo Bertolt Brecht, mwandishi Mjerumani, aliiandika 1941 akiwa uhamishoni Ufini. Ui ni jambazi wa Chicago, na mtazamaji anamtambua Hitler mara moja. Anamwita mwigizaji mzee aliyechakaa amfundishe kuwa mkubwa. Wanaanza na kutembea: kichwa nyuma, ncha ya mguu itangulie kugusa sakafu. Halafu kusimama, halafu kukaa. Mpambe anapolalamika kwamba hakuna anayetembea hivyo, Ui anajibu kwamba yeye akitembea anataka watu waone kuwa anatembea. Mwisho anapewa hotuba ya Antony, ile ya kwenye tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, aifanyie mazoezi. Mwanzoni ni kichekesho kitupu. Lakini sauti inazidi kukaa sawa, mikono inapata mahali pake, na kicheko kinakukauka mdomoni.

Ukishamwona mtu akifundishwa kukalia kiti cha enzi, utakiangalia tena kiti hicho kwa macho yaleyale? Waigizaji ndio mafundi wa mambo haya: maleba, mwanga, kimya kirefu kabla ya neno la kwanza. Wakitufungulia karakana yao, tunaona fahari inavyoundwa.

Mchangiaji: Mfano mtamu, ila una walakini. Igizo hilo lilipanda jukwaani mara ya kwanza Stuttgart, Ujerumani, 1958. Hitler alikuwa amekufa miaka 13 nyuma. Kumvua nguo marehemu hakuhitaji ujasiri. Tuletee mfano ambao wenye mamlaka walikuwa hai na wakaguswa.

Mtoa mada: Umenibana, na naipokea. Twende basi Kamĩrĩthũ, kijiji cha Limuru nchini Kenya, 1977. Tamthilia ya Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikipenda), ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, iliigizwa kwa Kikuyu na wakulima na wafanyakazi wenyewe, katika ukumbi wa wazi walioujenga kwa mikono yao. Mazoezi yalikuwa hadharani. Anayepita anasimama, anasikiliza, anasahihisha. Novemba kibali cha kuiigiza kikafutwa. Wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, na 1982 ukumbi ukabomolewa.

Sasa angalia kilichokuwamo. Hakuna rais, hakuna gwaride. Kuna Kĩgũũnda, mkulima mwenye hati ya ekari moja na nusu aliyoitundika ukutani, na tajiri anayeishia kulimiliki shamba lile. Kwa hiyo narekebisha msimamo wangu: nilishikilia mno nani anaigizwa, nikasahau nani anaigiza. Brecht anatuonyesha mkubwa akijifunza jukwaa. Kamĩrĩthũ wanyonge walijifunza jukwaa, na hilo ndilo naamini liliwatisha wakubwa kuliko kejeli yoyote.

Linabaki jambo moja linalonisumbua, naomba mnisaidie. Mtawala akija mwenyewe ukumbini, akakaa safu ya mbele na kupiga makofi kwa igizo linalomsema, kamera zote zikimwelekea yeye: onyesho limebaki la nani?