Achari zangu zadaiwa alama ya KEBS. Nianzie ofisi gani?

Bi_Achari_Mkomani

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mie natengeneza achari hapa Lamu, mtaa wa Mkomani, huu mwaka wa tisa. Za embe, za ndimu, na za kitunguu saumu kwenye mafuta. Embe nazianika darini, adhuhuri nazigeuza, jioni nazifunika kwa kanga umande usizipate. Wanunuzi wangu ni majirani na maduka matatu ya Langoni. Hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi, watu wanijua.

Sasa mwenye duka mmoja wa Mombasa amezionja akaagiza chupa 200, lakini azitaka na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Nimeuliza mpaka kichwa kimeuma. Huyu asema anza kaunti, yule asema afya ya umma, mwengine NEMA, wale wa mazingira. Wa nne aliniambia nimpe pesa atanitolea vyote nikiwa nimekaa nyumbani. Huyo nilimfungia mlango.

Na jiko langu liko juu, chini ya makuti, kama nyumba nyingi za mawe za hapa. Afisa aliyekuja kuangalia alitaka kuta zinazoosheka na paa lililozibwa. Lakini nyumba ya Mji Mkongwe haibomolewi utakavyo. Mji huu umo katika orodha ya UNESCO tangu 2001, na watu wa Makumbusho lazima waulizwe. Nikimtii mmoja naogopa nitamkosea mwengine.

Kuna jambo jengine, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Kabla ya Ramadhani nilipika achari za kitunguu saumu, chupa 15. Siku ya kumi nikaona chupa nne zilizobaki rafuni vifuniko vimefura. Nilipofungua moja ilitoa pumzi, fsss, na povu juu ya mafuta. Nilizimwaga zote. Lakini 11 nilikuwa nishaziuza. Nikavaa buibui nikazunguka nyumba moja moja kuziomba, nikarudishiwa tisa. Mbili zilikuwa zimeshaliwa. Alhamdulillahi hakuna aliyeugua, lakini zile siku mbili tatu kila simu ikilia moyo wanipasuka.

Nambieni, nilikosea wapi, na nianzie ofisi gani?

DukaLaSokoni_Malindi

Waaleikum salaam dada. Umefanya vizuri kumkataa huyo wa njia ya mkato. Mimi nina duka Malindi na niliwahi kuletewa katoni za sosi ya pilipili zenye alama safi kabisa, imechapwa vizuri. Nikatuma ujumbe wa simu kwa 20023: herufi SM, alama ya #, halafu namba ya kibali iliyo chini ya alama. Jibu lilikuja na jina la bidhaa nyengine kabisa. Nilizirudisha, na hela nilizotanguliza sikuziona tena. Tangu siku hiyo kila bidhaa mpya naituma 20023 mbele ya aliyeileta. Huyo mteja wako wa Mombasa pengine naye amewahi kuumwa, usimwone ana maringo.

Bwana_Afya_Mstaafu

Bi Achari, nimefanya kazi ya afya ya umma pwani hii mpaka nikastaafu, sasa nakaa Malindi. Nitaanza na saumu, ofisi zitangoja.

Kitunguu saumu hutoka ardhini, na udongo una vijidudu vinavyotengeneza sumu ya botulini. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa jikoni, na zinapenda mahali pasipo hewa. Ukimimina mafuta juu ya saumu umezipa mahali hapo hasa. Kinachozizuia ni uchachu: kipimo kiitwacho pH kikiwa chini ya 4.6, haziwezi kuota. Ndimu inajilinda yenyewe. Embe bichi pia lina uchachu wake, lakini usibahatishe, lipimwe. Saumu haina uchachu wa kutosha kabisa. Inabidi ilowe kwenye siki mpaka uchachu uingie kiini, na ukipima, saga punje yenyewe upime. Ukipima siki iliyoizunguka utajidanganya. Mpaka ujifunze hayo kwa mtu wa maabara, saumu iache.

Kufura kwa chupa huenda kulikuwa hamira tu, chumvi ikiwa kidogo. Lakini sumu ile inaweza kuwemo kwenye chupa isiyofura, isiyonuka, na yenye ladha nzuri. Aliyeila huanza kuona vitu viwili viwili, kope zikalegea, ulimi ukawa mzito, kisha pumzi. Kwa hiyo kamwe usionje chupa unayoitilia shaka. Na kule kuzunguka kwako nyumba kwa nyumba, mama, ndiko tunakoita kurudisha bidhaa sokoni. Makampuni yenye mawakili hulazimishwa kufanya hivyo. Wewe ulikwenda kwa miguu yako bila kuamrishwa na mtu.

Sasa ofisi. Anza na afya ya umma ya kaunti. Wao wanaangalia mahali na mikono: jiko, maji, choo, na cheti cha afya cha kila anayeshika chakula, kinachofanywa upya kila miezi sita. Nguvu yao inatoka Sura ya 242, sheria ya afya ya umma, na Sura ya 254, sheria ya vyakula na dawa. Leseni ya biashara ni ya kaunti hiyo hiyo. KEBS wao wanaangalia kilicho ndani ya chupa na kilichoandikwa nje: huja, huchukua sampuli, hupeleka maabara. Lebo iwe na jina lako na anwani, viungo vyote, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na namba ya mpiko ule, yaani chupa zote zilizopikwa pamoja. Hiyo namba ingekuokoa safari nusu, ungejua chupa zipi hasa za kutafuta. NEMA ningeshangaa wakikusumbua kwa sufuria mbili.

Kuhusu jiko, usinunue hata mfuko mmoja wa saruji. Mwombe afisa aandike anachotaka, upeleke karatasi ile kwa wahifadhi wa Makumbusho, wazungumze wao kwa wao. Kama ningekuwa wewe ningekodi chumba cha chini, cha achari tu, darini pakabaki pa nyumbani.

Watu hulalamika kwamba karatasi ni nyingi, na ni kweli ni nyingi. Lakini mwaka 2004, kule Makueni na Kitui, mahindi yaliyoota kuvu wa sumu, aflatoksini, yaliwafanya watu 317 waugue na 125 wakafa. Mengi yalikuwa mahindi ya shambani kwao, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Hayakuonekana mabaya, na yalipikwa na mama zao.

Ukili_na_Mkeka

Bi Achari, hujataja rangi, lakini kama embe zako unazipaka ile nyekundu, angalia pakiti. Nimeona kwa macho yangu mtu akitumia rangi ya kutia ukili wa mikeka kwa sababu inakoza. Ile si ya kuliwa. Na kama bado unafungia embe kavu kwenye mifuko ya nailoni ya kubebea, ilipigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017.

Bi_Achari_Mkomani

Shukran nyote. Rangi situmii, wekundu wangu ni wa pilipili ya kusaga. Mifuko nilishaacha.

Bwana Afya, nimesoma maneno yako mara tatu, ya saumu nikamsomea na mama. Alinyamaza, kisha akasema bibi yake alikuwa akiiloweka kwenye siki siku tatu kabla ya mafuta. Mimi ndiye niliyeacha, nikiona yapoteza muda.

Nimempigia mwenye duka wa Mombasa, nimemwambia saumu hapati, na embe na ndimu azisubiri. Amekubali. Shangazi ana chumba cha chini kilichokuwa stoo ya makuti, leo tumekitoa vumbi. Kesho asubuhi mie na binti yangu twaenda hospitali kupimwa, na nikitoka huko naipitia ofisi ya afya nikamwombe yule afisa aniandikie.