Polishi ya hatua mbili na tatu: mashine gani, pedi gani, kompaundi gani? Tupeane uzoefu

KivuliChaMwembe (mwenye uzi)

Wakuu, huu ni uzi wa wanaopiga polishi kwa hatua zaidi ya moja, yaani kukata mikwaruzo kwanza, kumalizia mng'ao baadaye. Ombi langu ni moja: tusiandike "hii kali, ile feki" tukaishia hapo. Sema ni rangi ya aina gani, pedi gani, kasi ngapi, na kazi ikiharibika huwa inaharibikia wapi.

Naanza na swali ambalo muuza duka hakuulizi: rangi imebaki kiasi gani? Gari lenye rangi ya kiwandani huwa na mikroni 100 hadi 160 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kutoka bati mpaka juu. Kati ya hizo, klia, yaani safu ya juu isiyo na rangi, ni kama 35 hadi 50 tu. Unywele wa mtu una takriban 70. Ina maana safu yote unayoruhusiwa kuigusa ni nyembamba kuliko unywele, na huwezi kuimaliza yote, kwa sababu klia iliyobaki ndiyo inayobeba jua la miaka ijayo. Kompaundi (dawa ya kusagia rangi) kali kwa pedi ya manyoya inaweza kuondoa mikroni 2 hadi 4 kwa raundi moja. Polishi ya kumalizia mara nyingi haifikishi hata 1.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni kipima rangi, mashine inafuata. Pima kila paneli sehemu tano au sita. Ukiona 90 kwenda chini kwenye gari ambalo halijawahi kupakwa upya, anza na hatua laini pekee. Ukiona 200 hadi 300, paneli hiyo imeshapigwa rangi. Ikivuka 500, kuna puti (kijazio cha mabonde) chini. Vile vipima vya bei ya chini husoma chuma tu. Boneti ya alumini inahitaji kinachosoma metali zote mbili, na bampa la plastiki halisomeki kwa vipima hivi, kwa hiyo lichukulie kama paneli nyembamba kuliko zote.

MsasaWaMaji

Kuongezea kwa mkuu hapo juu: jua kwanza kama gari lina klia au halina. Toyota nyingi nyeupe za kutoka Japani, zile za namba ya rangi 040, hazina klia. Ni rangi moja tu mpaka juu. Namba iko kwenye kibati ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, palipoandikwa COLOR au C/TR.

Ukipiga kompaundi kwenye gari la namna hiyo, pedi inageuka nyeupe kama imechovywa kwenye maziwa. Asiyejua anazima mashine akidhani ametoboa. Hajatoboa, ni rangi yenyewe inayosagika. Shida yake ni kwamba pedi hujaa upesi, kwa hiyo andaa pedi mara mbili ya unazotumia kawaida. Kwenye gari lenye klia mambo ni kinyume: pedi ikianza kuchukua rangi ya gari, bluu au nyekundu, simamisha hapo hapo. Umeshavuka klia, na hakuna chupa ya kuirudisha. Paneli hiyo inaenda kupakwa upya.

Halafu kuna rangi ya duko, ile inayokauka yenyewe bila kikaushio. Jipimie hivi: kitambaa cheupe, matone machache ya tina (kiyeyusha rangi), sugua sekunde kumi mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Rangi ikiyeyuka na kuhamia kwenye kitambaa, hiyo ni duko, au ni rangi ambayo haikukomaa. Usiipelekee pedi ya manyoya. Joto huilainisha, inavutika, na badala ya kung'aa inabaki na mabaka. Sponji ya kati, kasi ndogo, polishi ya kati. Uridhike na hapo.

Nyeusi ya Toyota namba 202 nayo ina sifa ya ulaini. Inakatika kirahisi, lakini kuimalizia ndiyo kazi, maana hata maikrofaiba chafu inaacha alama.

PediTatu

Watu huuliza "kompaundi gani nzuri" wakati nusu ya kazi inafanywa na pedi. Kompaundi ile ile kwenye manyoya na kwenye sponji laini ni vitu viwili tofauti. Ukali unashuka hivi: manyoya, maikrofaiba, sponji ngumu, sponji ya kati, sponji laini.

Usiamini rangi ya pedi. Kwa 3M, kijani ndiyo inayokata, njano inafuata, bluu inamalizia. Kwa Rupes, bluu ndiyo kali kuliko zote, kijani ya kati, njano laini, nyeupe laini kabisa. Mtu anayechanganya kampuni anachukua bluu "ya kumalizia" na kumbe ndiyo ya kukatia, halafu analaumu chupa. Bonyeza sponji kwa kidole gumba, ugumu wenyewe utakuambia.

Namba za kompaundi za Menzerna zinasomeka kama za msasa: ndogo ni kali. 400 inakata, 2500 iko katikati, 3800 inamalizia. Lakini usiichukulie 400 kuwa sawa na msasa wa 400, utalia. Chembe zake huvunjika kadiri unavyopiga, kwa hiyo hatua haijaisha mpaka ule utando wa maziwa ugeuke kuwa kama mafuta membamba yanayopitisha mwanga. Ukikatiza katikati, chembe bado ni kubwa na unaacha ukungu. Kompaundi ya Meguiar's M105 haiko hivyo. Chembe zake ni ndogo tangu mwanzo na hazitegemei kuvunjika, kwa hiyo raundi ni fupi, ila hukauka haraka na kutoa vumbi ukichelewa.

Kiasi: pedi mpya ipake nyembamba uso mzima mara ya kwanza, usiache sehemu kavu. Baada ya hapo, matone matatu au manne ya ukubwa wa njegere kwa kila eneo la sentimita 50 kwa 50. Ukizidisha, pedi inateleza juu ya kompaundi bila kukata na inarusha matone mpaka kwenye vioo. Safisha pedi kila umalizapo eneo: sponji kwa brashi ngumu, maikrofaiba na manyoya kwa upepo wa kompresa. Gari moja la saluni linahitaji pedi tatu au nne za kukatia na tatu za kumalizia. Anayemaliza gari zima kwa pedi moja, kuanzia mlango wa pili anasugua kwa rangi iliyokufa.

Na pedi iliyogusa kompaundi kali haigusi tena polishi ya kumalizia, hata kama umeifua. Punje moja iliyobaki inatosha kuchora boneti nzima.

Mzunguko1200

Upande wa mashine. Rotari, ile inayozunguka tu bila kuyumba: sambaza kompaundi kwa mizunguko 600 kwa dakika, kata kati ya 1,200 na 1,800, kisha rudi 1,000 kumalizia. Ukivuka 2,000 unaongeza joto zaidi ya ukataji. Pedi ilale bapa. Ukiiinamisha ili "iume", unapata zile alama za upinde zinazotembea na mwanga juani, yaani hologramu.

DA inazunguka huku ikiyumba, ndiyo maana haiachi hologramu kirahisi. Kosa kubwa kwenye DA ni kuikandamiza. Chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari mmoja ubavuni mwa sahani inayoshika pedi. Ukiona mstari unazunguka taratibu, sawa. Ukiuona umesimama huku mashine inatetemeka, hukati kitu, unapasha rangi moto tu. Punguza mkandamizo au weka pedi ndogo.

Ukubwa wa kuyumba una maana yake. Milimita 8 inatulia kwenye kona. 15 ni ya kazi nyingi. 21 ni ya boneti na paa pana, lakini kwenye bampa lenye mikunjo inasimama simama. Flex XC 3401 inayumba milimita 8 na inalazimishwa kuzunguka, haisimami hata ukiikandamiza. Ni nzuri kwa rangi ngumu, ila ukingoni haina huruma.

Na grainda ya inchi nne na nusu siyo mashine ya polishi, jamani. Inakwenda karibu mizunguko 11,000 kwa dakika. Velkro inayeyuka kabla klia haijaungua.

FundiWaKona

Mkuu Mzunguko, hapo kwenye hologramu nakupinga kidogo. Rotari inamalizia safi kabisa kwa sponji laini, mizunguko 900, uzito wa mashine wenyewe tu. Hologramu nyingi za mtaani zinatokana na hatua iliyorukwa: manyoya na kompaundi ya G3, kisha nta juu yake. Nta inaficha wiki mbili, mvua ikinyesha mara tatu zinarudi zote.

Ila kwa anayeanza, DA. Sibishi.

Tepu ya karatasi ni lazima kwenye kingo zote, mistari ya mlango, na raba za vioo. Ukingoni rangi huwa nyembamba kwa sababu ilipokuwa mbichi ilitiririka kutoka hapo. Ukifika karibu na ukingo, pedi izunguke kuelekea nje ya paneli, isije ikaupanda ukingo.

JotoLaPwani

Kwa wa Dar, Mombasa, Tanga: joto ndilo linaloharibu kazi nyingi. Gari jeusi lililosimama juani saa saba mchana, hata ukiliingiza kivulini bado ni moto. Weka mgongo wa mkono kwenye boneti. Kama huwezi kuuacha sekunde tano, subiri. Kompaundi ikikauka kabla ya kuvunjika inageuka vumbi, na vumbi hilo linachora upya. Anza saa moja asubuhi, paa na boneti kwanza, milango baadaye.

Halafu hii ya maji. Farécla G3 imetengenezwa kufanya kazi na maji, unanyunyiza kidogo na inaendelea kukata. Mazoea hayo yamehamia kwenye kila chupa. Menzerna na wenzake hazitaki maji kwenye pedi. Yanatenganisha mafuta yake, na unabaki unasugua uji.

Kabla ya yote, klei, ule udongo laini wa kunasa uchafu ulioganda kwenye rangi. Chumvi ya bahari, simenti na utomvu haviondoki kwa sabuni. Pitisha mkono ukiwa ndani ya mfuko laini wa nailoni juu ya rangi iliyooshwa, utasikia punje ambazo kidole kitupu hakizisikii. Ukipiga polishi juu yake, pedi inazing'oa na kuziburuta.

PediTatu

Nilisahau eneo la majaribio. Sentimita 40 kwa 40 katikati ya boneti, anza na mchanganyiko laini kuliko unaodhani unahitajika. Mipito minne hadi sita inayopishana nusu kwa nusu, hiyo ndiyo raundi moja, kwa mwendo wa sentimita mbili au tatu kwa sekunde. Kisha futa kwa spiriti: kikombe kimoja cha asilimia 70 na vitatu vya maji, unapata kama asilimia 17. Mafuta ya kompaundi hujaza mikwaruzo na kukudanganya, spiriti inayaondoa. Mulika tochi kwa ubavu, siyo kwa juu. Kama utando wa buibui (mikwaruzo myembamba ya duara) bado upo, badilisha pedi kwanza iwe kali zaidi, kompaundi baadaye. Hatua ya tatu huwa inahitajika ukishapiga msasa wa 2000 na 3000, au manyoya yakiacha ukungu ambao polishi ya kumalizia haiwezi kuumaliza peke yake.

UmemeMdogo

Mashine za mtumba za Japani ni za volti 100. Ukichomeka moja kwa moja kwenye 230 au 240, unasikia mlio mmoja tu. Tafuta transfoma ya kushusha, isiwe chini ya VA 1,500 kwa rotari ya wati 1,000. Angalia pia nati ya sahani: za Ulaya nyingi ni M14 (kipenyo cha milimita 14), za Japani mara nyingi M16. Sahani haiingii na dukani hawarudishi. Na ekstensheni ifungue yote, ikiwa imeviringishwa inachemka.

Swali_Dogo

Wakuu, mkwaruzo wa ufunguo mlangoni, hatua ngapi?

MsasaWaMaji

Pitisha ukucha kwa kuukatiza. Ukinasa, hakuna hatua, huo mara nyingi umepita klia. Laini kingo zake kwa polishi ya kati ili usishike mwanga, weka rangi ya brashi, na uache hivyo. Usiponasa, maikrofaiba na kompaundi ya kati, raundi mbili, upime kipimo kila baada ya raundi.