Mrejesho: adapta ya HDMI sasa inawaka pamoja na Super Nintendo

Wakuu nilisema nitarudi. Kwa ambao hawakuona, nilitaka adapta ya HDMI (inayopeleka picha kwenye TV za kisasa) iwake na kuzima pamoja na Super Nintendo, mashine ya gemu ya zamani, nimechoka kuchomoa chaja ya adapta kila nikimaliza gemu. Mdau mmoja akanambia nivute 5V toka pini namba 10 ya soketi ya picha kule nyuma, hasi pini 5, na kweli umeme pale unakuja mashine ikiwashwa tu. Ila sikuilisha adapta moja kwa moja, ile regyuleta 7805 ya ndani ya mashine (inayoshusha umeme hadi 5V) inachemka kama pasi hata bila kuongezewa kazi, nikaweka rilei ndogo ya 5V (swichi inayowashwa kwa umeme) na dayodi kwenye koili yake kuzuia umeme wa kurudi, pini 10 inaamsha rilei, chaja ya simu ndo inabeba mzigo. Wenye mashine za PAL (toleo la Ulaya na Australia) msiguse pini 3, ina 12V hiyo! Picha freshi kabisa, bado kaboksi tu ka kuficha waya.