Uzamili wa rasilimali watu: tudai miaka mitatu kazini kwanza?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Naleta hoja, na najua itauma: vyuo viache kupokea kwenye uzamili wa rasilimali watu mtu ambaye hajakaa kazini walau miaka mitatu.

Nasema haya nikiwa mkosaji wa kwanza. Nilimaliza shahada ya kwanza, nikaunga masta bila hata kupumua. Nikaingia kiwandani hapa Dar na vyeti viwili vya rasilimali watu, lakini faili la mfanyakazi nilikuwa sijalifungua hata siku moja. Mwaka 2019 msimamizi wa ghala akaleta tuhuma kwamba mpakiaji mmoja ameiba. Nikaandika barua ya kumwita kwenye kamati ya nidhamu, Kiingereza kitupu, aya nne, hata mimi mwenyewe nikajipenda. Nikamkabidhi saa nane mchana, kikao saa kumi jioni. Aliisoma akifuatisha kwa kidole, halafu akaniuliza, "Dada, hapa ndiyo wanasema nimefukuzwa?" Nikamwambia hapana, huo ni utaratibu tu. Saa kumi na moja alikuwa hana kazi.

Akaenda CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, siku ya 27. Zikipita 30 mlango unafungwa. Mwamuzi hakuhangaika sana na habari za wizi. Aliomba barua. Kanuni za Utendaji Bora, lile Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka mtuhumiwa aelezwe kwa lugha anayoielewa na apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48. Mimi nilimpa mbili. Na kanuni hizo nilifundishwa, nikazijibia mtihani, nikapata A! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwa jinsi ilivyosomeka wakati ule, ilitaja fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Mwajiri akalipa. Nasikia yule bwana amejenga Chanika. Hongera zake.

Mhasibu ana mitihani ya bodi yake, NBAA; mtu wa ununuzi na ugavi ana ya PSPTB. Sisi tunaoshika mkate wa mtu tunatoka darasani moja kwa moja hadi kwenye kiti. Karibuni mnipinge.

Mdau wa Morogoro

Masta siku hizi ni sebule ya kusubiria ajira. Nimemaliza.

Kijana wa Ubungo

Dada, kwa heshima zote: umekula umeshiba, sasa unatutangazia mfungo?

Hiyo miaka mitatu naipata wapi? Nimehitimu, nimejaza maombi Ajira Portal hadi nywila naijua kuliko namba ya simu ya mama. Nimeitwa Dodoma kwenye usaili wa kuandika, nimelala kwa binamu siku mbili, nikakuta ukumbi umejaa watu kama msibani na nafasi zenyewe za kuhesabu kwa vidole. Kampuni binafsi nazo kila tangazo uzoefu, uzoefu. Ukiongeza na chuo kudai uzoefu, huo uzoefu unauzwa duka gani? Sasa hivi nakaa kibandani, ni wakala wa miamala, na ada ya masta mama ameitoa kwenye kikoba. Ukifunga mlango huu, kwangu haubaki mwingine.

Mwalimu, kanda ya kati

Mleta mada, uzoefu unaoutaka ni wa kiti gani? Nimeshika chaki miaka 11. Nimekaimu ukuu wa shule mara nne, nikiwa na walimu 19 chini yangu. Mwalimu wa Fizikia akienda likizo ya uzazi na mbadala hakuna, nani anakaa chini kupanga? Walimu wawili wakigombea nyumba moja ya shule hadi wake zao wakaacha kusalimiana, nani anawaita? Hiyo kwenu haiitwi rasilimali watu kwa sababu haina kiyoyozi?

Nilisoma masta kwa masafa. Nakubali, wengi wetu tunakimbia chaki, tusidanganyane. Nikarudi na cheti kuomba kubadilishiwa kada, nikaambiwa ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, haina nafasi. Mshahara uleule, na mkopo wa shahada ya kwanza unaendelea kukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa hiyo mimi uzoefu ninao na masta ninayo, na bado nasahihisha madaftari. Tatizo lako dada si letu.

Mdau wa Nakuru

Huku Kenya tuna Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu tangu 2012. Unasajiliwa na IHRM, taasisi ya wataalamu hao, unachukua cheti cha kuhudumu, na kuna mitihani ya kitaaluma ya CHRP. Mimi niliikalia nikiwa na mimba ya miezi saba, masta ikiwa tayari ukutani, na niwaambie ukweli, nilisoma upya mambo niliyodhani nayajua.

Maoni yangu: chuo kifundishe yeyote anayetaka kusoma. Kupima nani aguse kazi ya watu kuwe kwa bodi. Ila msidhani bodi ni dawa ya kila kitu; mitihani nayo imezaa soko lake la madarasa ya jioni.

Mstaafu wa utumishi

Wanangu, uzoefu msiuabudu. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa pale Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti: watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Majalada yao yalikuwa kwetu, na kila mwaka tulikuwa tunayapitisha. Tuliokuwa tunayapitisha hatukuwa vijana wa juzi. Mimi nilikuwa na miaka 22 kazini, na kwenye ofisi niliyokuwapo walipatikana watatu. Mmoja nilimwandikia mwenyewe barua ya kupandishwa daraja.

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Hapo umenikamata, na nimekaa na jibu lako tangu jana.

Kijana wa Ubungo, siwezi kukujibu "subiri" wakati mimi sikusubiri. Narudi nyuma hatua moja: upokelewe. Lakini tuiue tasnifu ya dodoso. Mwezi uliopita mezani kwangu yalifika madodoso 11 kutoka kwa wanafunzi wa masta, karibu yote "mchango wa motisha katika utendaji wa wafanyakazi", tofauti ni jina la taasisi tu. Weka vema kuanzia moja hadi tano. Huwa tunayajaza wakati wa chai huku tunacheka, mwenzangu mmoja anajaza namba nne mstari mzima kwa sababu tatu inaonekana uvivu. Halafu hayo ndiyo yanaingizwa kwenye kompyuta, yanatoka na majedwali, mtu anavaa joho. Miezi ile ya dodoso mwanafunzi akae ofisini: aandike hati ya tuhuma chini ya mtu anayejua, ahudhurie usuluhishi, afunge mahesabu ya likizo ya idara nzima. Alete hayo kwa wasahihishaji.

Nakuru, bodi naitaka, ila kutunga sheria ni safari ndefu. Mtaala chuo kinaweza kuugusa mapema zaidi.

Mwalimu, kukaimu kunahesabika. Nilikosea kufikiria ofisi tu.

Mwalimu, kanda ya kati

Kunahesabika kwako, dada. Barua zote nne za kukaimu ninazo, moja imemwagikiwa chai lakini muhuri unasomeka. Nani anazipokea?